Nyumba ya Kibaha na historia ya walinzi wa majina

Najua nimepotea. Shangazi ameshaniambia kwenye simu kwamba kama nimechoka kuandika niseme wazi, ili aache kumsumbua mjukuu amfungulie kompyuta kila Jumamosi bure. Sijachoka Shangazi. Ni maboksi tu, na baridi ya huku ambayo mwaka huu imekuja na hasira zake.

Mwezi uliopita Kaka Mkubwa alipita Kibaha akanitumia picha ya nyumba. Bati liko juu, madirisha yako mahali pake, hata mwembe umekua. Chini ya picha akaandika: "Lakini hukuwahi kutuambia, ile miaka miwili ilisimama kwenye lenta kulitokea nini hasa?"

Kaka, ni kweli sikuwahi. Mwaka 2008 na 2009 kila mliponiuliza nilijibu "mambo ya huku magumu," na kwa kuwa uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka kweli miaka ile, wote mliniamini. Wengine walisema nimeoa mzungu, wengine kwamba nimeanza kunywa. Mama peke yake hakusema kitu. Leo nitaeleza, ila mtanivumilia kidogo, maana jibu lenyewe linaanzia mwaka 1936 na nisipoanzia huko hamtaona kilichonipata.

Serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya Social Security mwaka 1935, na Novemba 1936 ikaanza kugawa namba zenye tarakimu 9. Kazi ya namba ile ilikuwa moja tu: kuhesabu mshahara wa mfanyakazi, ili akizeeka ijulikane anastahili malipo kiasi gani. Basi. Tangu 1946 kadi zenyewe zilichapwa onyo kwamba si za kumtambulisha mtu. Onyo hilo likaondolewa mwaka 1972, na kufikia wakati huo lilikuwa kama lile tangazo la "usitupe taka hapa" lililozungukwa na taka. Benki, shule, hospitali, mwenye nyumba, kampuni ya simu, kila mmoja aliitaka.

Kuna kisa kimoja ninakipenda sana. Mwaka 1938 kiwanda kimoja cha pochi huko Lockport, New York, kiliamua kuweka kadi ya mfano ndani ya kila pochi, ili mteja aone jinsi kadi yake itakavyokaa vizuri. Bosi akaona kuliko kubuni namba, atumie ya katibu muhtasi wake. Namba ya kweli! Pochi zikasambaa nchi nzima kwenye maduka ya Woolworth. Watu wakanunua pochi wakaona kadi, wakadhani ndiyo yao. Mwaka 1943 watu 5,755 walikuwa wanaitumia namba ya yule mama. Kwa jumla, kwa miaka yote, zaidi ya watu 40,000 waliitaja kuwa ni yao, na hata mwaka 1977 bado walikuwepo 12. Yule mama alilazimika kupewa namba mpya. Wale hawakuwa wezi. Ni watu waliofungua pochi tu.

Tatizo lote liko hapo. Namba hii imefanywa kuwa jina na ufunguo kwa wakati mmoja. Jina ni kitu cha kumpa kila mtu, ufunguo ni kitu cha kutompa mtu yeyote. Ni kama mtu aandike namba ya siri ya M-Pesa mgongoni mwa fulana, halafu kila dukani anakopita muuza duka amwombe ageuke.

Upande wa pili wa hadithi ni faili. Mwaka 1899 ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walianzisha Atlanta kampuni iliyoitwa Retail Credit Company. Walikuwa wanauza habari za watu: nani analipa madeni yake na nani halipi. Baadaye mawakala wao wakawa wanakwenda hadi kwa majirani kuuliza kama fulani anakunywa, anaishi na nani, ndoa yake ikoje. Umbeya wa kibarazani, ila wa kuandikwa na kuuzwa kwa kampuni za bima na waajiri. Na mwenyewe hukuwa na haki ya kusoma kilichoandikwa. Mwaka 1970 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kumpa mtu haki ya kujua kilichomo kwenye faili lake na kukipinga. Mwaka 1975 kampuni ile ikabadili jina, ikaitwa Equifax. Leo yako matatu makubwa, Equifax, Experian na TransUnion, na ukija huku utaishi chini ya macho yao upende usipende. Ukitaka kupanga nyumba wanaulizwa wao. Gari, wao. Wakati mwingine hata kazi.

Sasa mimi. Nilifika mwaka 2004 nikiwa sina faili kabisa. Mtu asiye na faili huku si mtu safi, ni mtu asiyekuwepo. Nikaanza polepole, kadi ndogo ya benki yenye mkopo wa dola 300, nikawa nalipa kabla ya tarehe. Mwaka 2006 alikuja kukaa kwangu ndugu mmoja kutoka nyumbani. Wengi wenu mnamfahamu, mama yake na Mama ni watu wa jumuiya moja, sitamtaja. Alikaa kwangu miezi 11. Tulipika pamoja, tulizika pamoja (siku ya habari za msiba wa Baba, yeye ndiye aliyezunguka na bahasha kukusanya rambirambi kwa Watanzania wa mji ule). Alipopata chumba chake mji wa jirani nilimsaidia kupandisha godoro hadi ghorofa ya tatu, kwa ngazi, Julai, jua linawaka.

Mwanzoni mwa 2008 nilikwenda kukopa gari. Muuzaji akaingiza namba yangu, akakunja uso, akageuza kioo cha kompyuta nione. Akaunti tatu nisizozijua: simu, duka la fanicha, na kadi ya benki. Jumla dola 6,400, zote zimecheleweshwa. Na anuani iliyoandikwa ilikuwa ile ya ghorofa ya tatu.

Nilikaa ndani ya gari bovu la rafiki yangu kwenye maegesho yale kama saa nzima. Sikulia. Niliwaza tu lile godoro.

Basi bwana, hapo ndipo nilipoingia kwenye biashara ya walinzi wa majina, na ndiyo historia ninayotaka mwijue, maana imebadilika sana na mabadiliko yake yamebebwa na mateso ya watu.

Wizi wa utambulisho ulifanywa kosa la jinai la shirikisho kwa sheria ya Oktoba 1998. Kabla ya hapo aliyehesabiwa kuibiwa zaidi ni benki, wewe mwenye jina ulikuwa kama shahidi tu. Sheria ileile ikaipa Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, kazi ya kupokea malalamiko ya watu. Kisha California ikaja na sheria yake iliyoanza Julai 1, 2003: kampuni ikivujisha taarifa za wakazi wa jimbo lile, lazima iwaambie. Mnaweza kushangaa kwamba kabla ya hapo hakukuwa na ulazima. Mwaka 2005 kampuni iitwayo ChoicePoint, iliyokuwa inauza taarifa za watu, ikagundulika imewauzia matapeli waliojifanya wafanyabiashara halali. Ikawaandikia barua watu wa California kwanza, kwa sababu sheria ilikuwa huko. Majimbo mengine yakauliza, na sisi je? Mwishowe waliotajwa ni zaidi ya watu 163,000, na Januari 2006 kampuni ikakubali faini ya dola milioni 10 na milioni 5 nyingine za waathirika.

Kwa hiyo katikati ya miaka ya 2000 barua zilikuwa zinaingia kwenye masanduku ya watu nchi nzima: "tunasikitika kukujulisha." Na palipo na hofu ya watu wengi hakukosi mwenye kibanda cha kuuza dawa.

Sheria ya Desemba 2003 ilikuwa imempa kila mtu haki ya kusoma faili lake bure mara moja kwa mwaka, kwa kila kampuni kati ya yale matatu. Wakafungua tovuti moja ya pamoja, AnnualCreditReport.com, iliyoanza Desemba 1, 2004 kwa majimbo ya magharibi na kusogea mashariki kidogo kidogo hadi Septemba 2005. Tovuti yenyewe ilikuwa kavu kama fomu ya forodha. Jirani yake ikasimama nyingine yenye jina tamu, FreeCreditReport.com, ya kampuni tanzu ya Experian. Hiyo ilikuwa na kijana anaimba kwenye televisheni, wimbo unaoganda kichwani hadi unapoosha vyombo. Ukienda pale unapata faili "bure," na bila kujua umeshajiunga na huduma ya kulindwa. Usipojitoa ndani ya siku 30 unakatwa dola 79.95 kwa mwaka. Agosti 2005 FTC iliwabana wakalipa dola 950,000. Matangazo yakaendelea, na mwaka 2009 serikali yenyewe ikatengeneza video za kuwatania, wimbo kwa wimbo. Mwaka 2010 ikaja kanuni kwamba yeyote anayetangaza faili la bure lazima aweke juu kabisa ya ukurasa wake maneno ya kumwelekeza mtu kwenye tovuti ile kavu ya sheria.

Nasema haya kwa sababu watu wakisikia "muundo wa tovuti" wanadhani ni habari ya rangi na picha. Siyo. Mahali alipoweka kitufe, maandishi aliyoyafanya madogo, kisanduku alichokiweka tiki kabla hujafika, hayo ndiyo yaliyoamua nani atakatwa dola 79.95. Wale waliopanga kurasa zile walijua kabisa macho ya mtu mwenye hofu yanaangalia wapi.

Na LifeLock! Hii ilianzishwa Arizona mwaka 2005. Mkurugenzi wake, Todd Davis, aliweka namba yake halisi ya Social Security kwenye matangazo, kuonyesha kwamba kwa dola 10 kwa mwezi hakuna wa kukugusa. Machi 2010 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 12 kwa FTC na majimbo 35 kwa kutangaza ulinzi ambao haukuwepo. Miezi miwili baadaye gazeti la Phoenix New Times likaandika kwamba jina la bwana Davis lilikuwa limeibiwa angalau mara 13. Desemba 2015 wakalipa tena, milioni 100 safari hii, kwa kukiuka walichoahidi mwaka 2010. Hata hivyo mwaka 2017 Symantec iliinunua kwa dola bilioni 2.3. Hofu ni biashara nzuri jamani.

Mimi nilijiunga na huduma moja mwaka 2008, siitaji jina, ilikuwa karibu dola 15 kwa mwezi. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na mshale kama wa spidi ya gari, ukilala kwenye nyekundu. Ukiingia tu, nyekundu. Barua pepe zikawa zinakuja usiku nikiwa kwenye zamu ya ghala: "BADILIKO MUHIMU limegundulika." Natoka mbio chooni kusoma kwenye simu, ukurasa haufunguki. Asubuhi nafungua kompyuta, badiliko muhimu ni mimi mwenyewe kubadili namba ya simu. Au wanasema limegunduliwa "jina jingine linalotumiwa," kumbe ni jina la Babu, ambalo sisi tunaliweka katikati na wao hawajui waliweke wapi. Nilitajiwa kuwa na majina manne tofauti. Yote yangu.

Na yale maswali ya kuhakiki! Ili kukufungulia wanakuuliza: kati ya mitaa hii mitano uliishi upi mwaka fulani? Uliwahi kumiliki gari gani kati ya haya? Mwenye kuzaliwa huku anajibu akipiga miayo. Sisi tuliokuja juzi jibu letu siku zote ni "hakuna hata moja." Mara ya kwanza nilifungiwa nje ya faili langu mwenyewe kwa sababu swali moja lilihusu mtaa wa ile ghorofa ya tatu. Nilijibu kwamba sijawahi kuishi pale. Kompyuta ikaona nimekosea. Mwizi angepata alama zote.

Njia ya kujisafisha ilikuwepo. Kulikuwa na fomu ya kiapo ya FTC, ya karatasi miaka ile, unaijaza na kuipeleka kwa kila mdai pamoja na ripoti ya polisi. Niliichapa kwenye maktaba ya mji, senti 10 kwa ukurasa. Nikajaza jina, tarehe, akaunti. Nikafika kwenye sehemu inayotaka uchague: ninamjua aliyetumia taarifa zangu, au simjui. Na nyingine: niko tayari, au siko tayari, kusaidia ashitakiwe.

Kiapo ni kiapo. Kuandika simjui ni kusema uongo mbele ya sheria. Kuandika namjua ni kumtaja, na yeye makaratasi yake hayakuwa yamekaa sawa. Angerudishwa kwa pingu. Nikamwona mama yake akiingia uani kwetu na kitenge chake cha msiba, kama alivyoingia kwa Baba, akakaa na Mama jikoni siku tatu. Nikaikunja fomu nikaiweka ndani ya kamusi.

Nikalipa. Dola 6,400 pamoja na riba, miezi 22. Hiyo ndiyo lenta ya Kibaha, Kaka.

Nilimpigia mara moja. Hakukana. Alisema alikuwa amekwama na alidhani angelipa kabla sijajua. Tangu hapo amerudisha dola 900, kwa vipande, na bahasha ya mwisho ilikuja mwaka 2012. Tunasalimiana kwenye misiba.

Turudi kwenye historia. Septemba 7, 2017 Equifax ilitangaza kwamba wezi wameingia kwenye mitambo yake. Walipitia kwenye programu iliyokuwa na tundu, na kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Watu milioni 147 hatimaye, karibu nusu ya nchi. Hilo mlilisikia. Kilichonisikitisha zaidi ni tovuti waliyowafungulia watu kujiangalia. Haikuwa kwenye anuani yao ya kawaida, ilikuwa na jina jipya refu, hata baadhi ya mitambo ya ulinzi ikaidhania ni ya matapeli. Ilikutaka uandike jina la ukoo na tarakimu 6 za mwisho za namba yako. Yaani walioibiwa tarakimu 9 wanakuomba 6 tena! Watu wakajaribu majina ya uongo, tovuti ikawajibu kwamba huenda wameathirika. Mtaalamu mmoja wa programu akatengeneza tovuti ya mfano yenye maneno yaleyale yaliyogeuzwa mpangilio, kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kudanganya watu, na ukurasa wa Twitter wa Equifax wenyewe ukawa unawaelekeza wateja huko. Aliyegandisha faili lake, ili asije mtu akafungua mkopo kwa jina lake, alipewa namba ya siri ambayo ilikuwa ni tarehe na saa. Aliyefanya hivyo Septemba 8 saa 4 na dakika 20 asubuhi alipewa 0908171020. Mtoto wa darasa la nne anaibahatisha. Mkurugenzi mkuu aliondoka mwisho wa mwezi uleule.

Kutokana na fedheha hiyo ilipatikana sheria moja nzuri: tangu Septemba 21, 2018 kugandisha faili na kuligandua ni bure nchi nzima. Kabla yake majimbo mengi yaliruhusu utozwe, na ulipaswa kulipa mara tatu, kwa kila kampuni. Ningekuwa na huduma hiyo mwaka 2006 nisingekuwa na cha kuandika leo.

Mwishoni mwa mwaka huohuo 2018 nikapata barua kutoka kampuni moja ya ulinzi wa namna hii. Walikuwa wanatengeneza upya kurasa zao na walitaka wateja wa kawaida waje wazijaribu. Malipo, kadi ya dola 50. Nikaenda (dola 50 haziachwi). Chumba kidogo, meza, kompyuta, kamera, na dada mmoja mpole aliyeniambia niseme kwa sauti kila ninachowaza. Nilimwambia kwetu anayesema kwa sauti kila anachowaza hupelekwa kwa mganga. Akacheka, akaandika.

Kurasa mpya zilikuwa tofauti kweli. Ule mshale wa spidi ulikuwa umetolewa. Nyekundu ilikuwa imebaki kwa jambo moja tu, akaunti mpya usiyoifungua. Badala ya "badiliko muhimu limegundulika" kulikuwa na sentensi ya kawaida: akaunti ya simu imefunguliwa kwa jina lako, tarehe fulani, mji fulani. Chini yake swali: Ni wewe? Ndiyo. Siyo mimi. Ukibonyeza "Siyo mimi" unaingia ukurasa wa kuripoti, hatua kwa hatua.

Katika mfano walionipa, akaunti ilikuwa ya duka la fanicha. Mkono wangu ukasimama.

Dada akasubiri. Kisha akaniuliza ninawaza nini. Nikamwambia si mimi, lakini namjua. Nikamweleza yote, kuanzia godoro hadi fomu ndani ya kamusi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na nilimwambia kwa Kiingereza, mbele ya kamera. Alisahau kuandika. Halafu akasema kwamba watu wengine wanne kabla yangu walisimama palepale: mmoja alikuwa mama yake mzazi, mwingine mume waliyeachana.

Mwaka uliofuata kurasa zilipotoka nilikwenda kuangalia. Palikuwa na jibu la tatu, "Huenda namjua." Ukilibonyeza, halikupeleki polisi. Linakwambia kwanza gandisha faili, hiyo haimtaji mtu. Kisha linakueleza taratibu kipi utahitaji kuapa na kipi hutahitaji, na lina namba ya simu ya kuzungumza na binadamu. Sidai ni kazi yangu, walioketi kwenye kiti kile walikuwa wengi. Lakini nililitazama muda mrefu.

Serikali nayo ilikuwa imetangulia. Januari 2016 FTC iliitengeneza upya IdentityTheft.gov, ikawa inakuuliza maswali, inakupangia hatua zako wewe, na barua za wadai inakuandikia yenyewe. Ile karatasi ya senti 10 imestaafu. Na tangu 2023 faili lako unaweza kulisoma bure kila wiki, moja kwa moja, si mara moja kwa mwaka.

Mnayoweza kutumia na ninyi ni ya Mwaustralia mmoja, Troy Hunt, aliyoifungua Desemba 4, 2013: Have I Been Pwned. Unaandika barua pepe yako, inakwambia imevuja wapi. Bure. Haikuombi namba wala kadi. Mwaka 2015 ilipovuja orodha ya tovuti ya wanandoa wanaotafuta nyumba ndogo, bwana huyu aliamua orodha hiyo isionekane kwa kila anayeandika barua pepe ya mwenzake. Mwenye barua pepe lazima athibitishe ni yake. Nadhani hapo alifikiri kuliko makampuni yote niliyoyataja. Mei 2025 aliipa sura mpya, na ukikutwa salama inakurushia karatasi za rangirangi kama harusini. Google nao walikuwa na huduma ya kupekua taarifa zilizovuja, wakatangaza Desemba 2025 kwamba wanaifunga Februari 2026, kwa kuwa watumiaji walisema haiwaonyeshi la kufanya baada ya kupewa habari mbaya. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Mshale mwekundu, miaka kumi na saba baadaye.

Na sasa nyie wa nyumbani, msinionee huruma mimi tu. Tangu laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, namba ya NIDA imeanza kutembea njia ileile ya namba ya huku: wakala wa simu anaitaka, benki inaitaka, kila dirisha linaitaka. Ila mna kitu ambacho Wamarekani hawana. Piga *106# kwenye simu yoyote, hata ya tochi, utaona laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Haina mshale, haina wimbo, haikukati senti. Ukikuta laini usiyoijua nenda na kitambulisho kwenye duka la kampuni ya simu husika ifungwe, na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekeni 15040. Shangazi, mjukuu akimaliza kukusomea hapa akupigie hiyo *106# palepale kabla hajaondoka.

Halafu, picha ya kitambulisho cha Mama iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wiki iliyopita, aliyeituma aifute tafadhali. Kundi lina watu 63, na wanne hakuna anayekumbuka ni akina nani.

Mama nimeshampigia kabla ya kuandika haya, sikutaka ayasikie kwa watu. Alinyamaza kidogo, akasema alijua kuna kitu kwa sababu yule kijana akija likizo hakuwahi kula kwetu. Kisha akaniuliza kama nimevaa soksi.

Kaka, bei ya dari nimeiona. Nitatuma mwisho wa mwezi.